Tuingie kwa Mlango wa Jikoni

Maneno haya yalisemwa kwenye kikao cha jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili wa eneo la Midlands, Uingereza, kabla ya safari ya kutembelea jumba la kale la Hardwick Hall. Yameandikwa kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, ndugu na watoto: shikamooni kwa mnaostahili, na wengine hamjambo.

Nimeombwa nieleze kwa nini kamati imeamua safari ya mwaka huu isiwe ya Blackpool, mji wa starehe wa kando ya bahari. Manung'uniko nimeyasikia. Kuna kaka mmoja hapo nje kaniuliza, "Dada, tutoe hela yetu tukaangalie vitanda vya marehemu?" Ndiyo, kaka yangu, tutoe. Na tukiangalia vizuri tutawaona marehemu wengine pia, ambao picha zao hazikutundikwa ukutani.

Hardwick Hall iko Derbyshire, juu ya kilima, na wengi wenu mmeshaiona kwa mbali mkipita barabara ya M1 bila kujua ni kitu gani. Ina minara sita, na juu ya minara zimechongwa kwa mawe herufi mbili kubwa, E na S. Mwenye herufi hizo ni Elizabeth, mwenye cheo cha kikabaila cha Countess wa Shrewsbury, ambaye watu humwita Bess wa Hardwick mpaka leo. Alizaliwa hapo hapo kilimani miaka ya 1520, nyumba ya watu wenye shamba la wastani, baba akafariki mtoto angali mdogo. Akaolewa mara nne, na ndoa zilipomwisha alikuwa amepanda ngazi yote. Mume wa nne, Earl wa Shrewsbury, ndiye aliyepewa na Malkia Elizabeth wa Kwanza kazi ya kumlinda mfungwa wake, Malkia Mary wa Scotland. Kazi hiyo ilimshika miaka kama 15, ikamla hela, na ndoa nayo ikavunjika vipande. Mume huyo alipofariki mwaka 1590, Bess alikuwa na zaidi ya miaka sitini na utajiri ambao ni wanawake wachache sana wa Uingereza waliokuwa nao ukimtoa malkia. Mwingine angesema sasa nipumzike, niangalie wajukuu. Yeye alikuwa na waashi. Jumba jipya likapanda pembeni ya lile la zamani, akahamia mwaka 1597.

Sasa mkifika, msikimbilie ndani. Simameni nje mtazame madirisha. Kioo zama hizo kilikuwa ghali, na wakulima wengi waliziba tundu za madirisha kwa mbao au kitambaa. Bess akajenga jumba ambalo wenyeji walisema lina kioo kingi kuliko ukuta. Lakini tazameni zaidi: madirisha ya chini ni mafupi, ya kati ni marefu, ya juu kabisa ni marefu kupita yote. Chini ni jiko na watumishi. Kati aliishi mama mwenyewe. Juu ni kumbi za kupokelea wakubwa, ikiwa siku moja malkia angekuja. Malkia hakuja. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu hahitaji kufundishwa hili, maana kwetu mlango wa mbele ulikwisha kukwambia mwenye nyumba ni nani kabla hujabisha hodi. Hapa kazi hiyo inafanywa na madirisha.

Huko juu kuna ukumbi mrefu wa kutembelea siku za mvua, una urefu wa kama mita 50, na kutani yamening'inia mazulia 13 yaliyofumwa kwa hadithi ya Gideoni wa kwenye Biblia. Mazulia hayo Bess aliyanunua mwaka 1592 yakiwa yametumika, kutoka mali ya Sir Christopher Hatton, aliyekuwa mkubwa serikalini na alikufa na madeni. Yalikuwa na nembo ya ukoo wa Hatton. Bess akaomba apunguziwe bei kwa sababu itambidi afunike nembo za watu kwa nembo zake, na akapunguziwa. Mama zangu mnaokwenda sokoni Jumamosi, huyu ni mwenzenu.

Nampenda Bess, siwezi kuficha. Ila mkipita kila chumba, ulizeni swali moja tu ambalo karatasi za maelezo haziliweki mbele: hela ilitoka wapi? Kwa Bess ilitoka kwenye kodi za wakulima waliolima ardhi yake, kwenye madini ya risasi na makaa ya mawe yaliyochimbwa chini ya ardhi hiyo, na kwenye mirathi ya wanaume wanne. Jumba la mashambani halikuwa nyumba tu. Lilikuwa mdomo wa shamba, na shamba lenyewe lingeweza kuwa vijiji kadhaa.

Zamani zaidi mambo yalikuwa ya karibu karibu. Kabaila wa enzi za kati alikaa kwenye nyumba ya mawe au mbao katikati ya ardhi yake, wapangaji wakija hapo kulipa, kuhukumiwa na kula ukumbi mmoja naye siku za sikukuu. Nyumba za namna hiyo bado zipo. Ightham Mote huko Kent imezungukwa na maji pande zote tangu karne ya 14. Haddon Hall ipo Derbyshire hii hii. Wenyewe waliihama kwa muda wa kama miaka 200, hakuna aliyeibomoa wala kuifanya ya kisasa, na ndiyo maana leo inapendeza kuliko nyumba nyingi zilizotunzwa. Wakati mwingine kusahauliwa ni bahati.

Karne ya 18 wakubwa wakachoka kuona watu. Nendeni Kedleston, nje kidogo ya Derby. Sir Nathaniel Curzon alipoanza kujenga jumba lake mwaka 1759, kijiji kilikuwa kinamharibia mandhari. Kijiji kikahamishwa. Kanisa liliachwa, liko hapo mpaka leo limebanwa ubavuni mwa jumba, lakini nyumba za watu zikaondoka. Wazee wa Tanzania hapa mnatabasamu, najua mmekumbuka nini. Haya malisho mapana ya kijani, na ziwa linaloonekana kama limewekwa na Mungu, mara nyingi ni kazi ya koleo. Fundi maarufu kuliko wote alikuwa Lancelot Brown, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1716. Pale Blenheim, jumba alimozaliwa Winston Churchill mwaka 1874, Brown aliziba mto akafanya ziwa. Kuna na ujanja wa mtaro uliochimbwa usionekane kutoka dirishani, ili kondoo waonekane wanatembea mpaka karibu na mlango, kumbe hawawezi kuvuka. Ukiona mandhari ya asili sana Uingereza, uliza nani alilipwa kuchimba.

Sasa nije jikoni, maana ndiko ninakotaka tuanzie safari yetu.

Wengi wetu humu ndani tunatunza wazee, tunafua mashuka ya hospitali, tunasafisha ofisi alfajiri. Kuna bibi mmoja wa Kiingereza niliyekuwa nikimhudumia, Mungu amrehemu. Mama yake alikuwa mtumishi wa ndani kwenye jumba kubwa tangu alipokuwa msichana mdogo. Siku moja nilimpeleka kutembea kwenye jumba la aina hiyo, nikasukuma kigari chake kuelekea mlango wa mbele, akanishika mkono: "Sio huku. Nipeleke jikoni kwanza." Tukaingia jikoni. Akaanza kunionyesha: ile safu ya kengele ukutani, kila moja na chumba chake, mtumishi aliye chini anajua anaitwa na nani. Zile ngazi nyembamba za nyuma, ili mwenye kubeba mkojo wa bwana asikutane na bwana mwenyewe. Kile chumba cha kuoshea vyombo chenye sakafu ya mawe, ambako mikono ilipasuka kwa soda ya kuoshea. Alifurahi siku ile kuliko siku zote nilizomjua. Vyumba vya mbele tulipita kwa dakika chache tu.

Mwaka 1900 hakuna kazi iliyoajiri wanawake wengi Uingereza kuliko utumishi wa majumbani. Hilo liwekeni akilini mkiambiwa kwamba kazi zetu ni kazi za wageni. Pale Calke Abbey, Derbyshire tena, kuna handaki ambalo watunza bustani walipitia ili wasionekane na wenye nyumba. Hebu fikiria, mtu anataka maua lakini hataki kumwona mwenye kuyapanda. Jumba hilo lilikabidhiwa mwaka 1985 kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kihistoria, na kwa busara wakaamua kutolitengeneza liwe jipya. Rangi inabanduka, vyumba vimejaa vitu vilivyorundikwa, maana ukoo wa Harpur Crewe walikuwa hawatupi kitu. Kulikutwa kitanda cha kifalme chenye hariri ya Kichina kikiwa ndani ya makasha yake, hakikuwahi kufunguliwa vizuri, na rangi za hariri ziking'aa kama mpya. Kaka yangu wa vitanda vya marehemu, hicho nakushauri ukakione.

Lakini kuna watumishi ambao hawakuwahi kuingia hata jikoni, kwa sababu walikuwa ng'ambo ya bahari.

Harewood House, karibu na Leeds, ilijengwa kati ya 1759 na 1771 na ukoo wa Lascelles. Ndani mna samani za fundi Thomas Chippendale na kazi ya msanifu majengo Robert Adam, uzuri wa kukufanya unyamaze. Hela ilitoka kwenye sukari ya West Indies, yaani visiwa vya Karibiani, na biashara ya watu. Bunge lilipofuta utumwa kwa sheria ya 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupewa senti. Ukoo wa Harewood leo hausemi uongo juu ya jambo hili. Earl wa sasa amelizungumza hadharani, na wameanza kuagiza picha za watu wenye asili ya Afrika zitundikwe pamoja na za ukoo. Picha moja ni ya Arthur France, mwanzilishi wa kanivali ya watu wa West Indies pale Leeds. Kuna wanaosema hiyo ni danganya toto. Mimi nasema afadhali picha kuliko ukimya, ila nisingeishia hapo kama ningekuwa wao.

Dyrham Park, karibu na Bath, mtakuta vinara viwili vimechongwa sura ya Waafrika waliopiga magoti, minyororo shingoni, wameshika sahani. Vilikuwa mali ya ukoo wa William Blathwayt, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya makoloni. Mtoto akiuliza "Mama, huyu ni nani?" usimvute mkono mpite. Mweleze. Mwaka 2020 National Trust walitoa ripoti wakataja nyumba 93 walizo nazo zenye uhusiano na ukoloni au utumwa, na magazeti yakawaka moto kana kwamba wametukana wazazi wa watu. Walichofanya ni kuuliza lile swali langu la hela.

Na sisi? Hapa lazima nishushe sauti kidogo, maana kuna wanaodhani Pwani yetu haimo humu.

Majumba ya enzi za Malkia Victoria mengi yana chumba cha biliadi, ambako wanaume walikwenda kuvuta sigara baada ya chakula. Mipira ile ilichongwa kwa meno ya tembo. Na sebuleni kuna piano, vitufe vyake vyeupe vikiwa vya meno ya tembo pia. Meno ya Afrika Mashariki yalipendwa kwa kuwa ni laini kuchonga, na soko lake kuu lilikuwa Unguja. Kutoka Tabora na Ujiji yalifika Bagamoyo juu ya mabega ya wapagazi, miezi kwa miezi, wengine wamejiajiri na wengine ni watumwa. Karafuu iliyochomekwa kwenye nyama ya nguruwe ya Krismasi ya bwana mkubwa ilitoka Unguja na Pemba, na walioichuma mpaka 1897 walikuwa watumwa wa mabwana zetu wenyewe. Kwa hiyo tukienda kuhukumu, twende tukijua kwamba mikono ya kwetu nayo haikuwa misafi.

Pesa zilikwenda na upande wa pili. Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alizaliwa mwaka 1870 Vale Royal, Cheshire, jumba la ukoo lililokuwa nyumba ya watawa hapo kale. Akaipenda Kenya, akapewa ardhi Njoro, kisha akawa na shamba la Soysambu, na akawa sauti kubwa ya walowezi. Kondoo wake walikufa, ng'ombe wake walikufa, ngano yake ikashikwa na ugonjwa wa kutu, na kila alipoanguka alirudi kuikamua Vale Royal. Wakulima wa Cheshire walilipa kodi zao, hela ikazama kwenye udongo wa Bonde la Ufa ambao Wamaasai walikuwa wameondolewa. Jumba lenyewe ukoo ukaja kuliachia, na leo ni klabu ya gofu. Wakenya mliokuwa mnapita kwenye barabara iliyoitwa Delamere kabla haijaitwa Kenyatta, mwanzo wa jina lile uko kwenye shamba la Cheshire.

Nyumba nyingine ninayotaka tuifikie mwaka ujao ni Quex Park, Birchington, kule Kent karibu na bahari. Mwenyewe alikuwa Percy Powell-Cotton, mwindaji, na ubavuni mwa jumba alijenga makumbusho ya wanyama aliowaua na vitu alivyovikusanya Afrika na Asia. Alioa Nairobi mwaka 1905, na fungate ikawa msafara wa uwindaji. Mwaka uliofuata, huko Kongo, simba aliyejeruhiwa akamrukia na kumchana. Simba huyo yupo pale Kent amekaushwa, na koti lililoraruliwa lipo vilevile. Faru mweupe wa kaskazini, yule ambaye duniani wamebaki majike wawili tu pale Ol Pejeta, Kenya, jina lake la kisayansi limebeba jina la Cotton huyu. Nisiwafiche, nikiingia kumbi zile sijui kama nasikia hasira au nyumbani kunaniita: swala, nyati, tembo, na vyombo vya mbao vya aina niliyoiona kwa bibi yangu, vyote ndani ya vioo, kwenye kijiji cha Kiingereza chenye upepo wa baharini. Mtakaofika mtaniambia ninyi.

Wengine mnajiuliza, kama walikuwa matajiri kiasi hicho, kwa nini leo wanatuuzia tiketi na chai?

Kodi. Serikali ilianzisha kodi kubwa ya mirathi mwaka 1894, ikawa inapanda. Nafaka za bei nafuu kutoka Marekani zilikwishashusha mapato ya mashamba. Vita viwili vikaua warithi na kuwatoa watumishi, wakagundua kiwandani kuna mshahara na Jumapili ya kupumzika. Katika karne ya 20 yalibomolewa majumba zaidi ya elfu moja. Duke wa kumi wa Devonshire, mwenye Chatsworth na Hardwick zote mbili, na mzao wa Bess yule yule, alifariki mwaka 1950 miezi michache tu kabla ya muda wa kisheria ambao ungeokoa mali aliyokwisha kumgawia mwanawe. Kodi ilikuwa asilimia 80. Hardwick ikatolewa kwa serikali kulipia deni, na mwaka 1959 ikawa chini ya National Trust. Chatsworth ikabaki kwa kufungua milango. Marquess wa Bath naye alikwishafungua Longleat mwaka 1949 watu waingie kwa kiingilio, na mwaka 1966 akaleta simba, watu wakawatazama ndani ya magari yao katikati ya Wiltshire. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani kama walimfikiria Duke, lakini amepona.

Basi mambo ya safari. Hardwick ni ya National Trust, wenye kadi wanaingia bure. Wasio na kadi watalipa, na kiingilio si kidogo, kwa hiyo familia kubwa pigeni hesabu ya uanachama. Anayetaka vya bure asubiri Septemba, kuna siku za urithi ambapo majumba mengi nchini hufungua bila malipo, mengine ambayo siku zote hufungwa. Ndani vyumba vina giza kidogo. Si ubahili wa umeme, mwanga unababua vitambaa. Mkiona kwenye kiti limewekwa tunda kavu la msonobari, maana yake usikae. Wale wazee waliosimama vyumbani wanajitolea, hawalipwi, na wanapenda kuulizwa. Waulizeni lile swali la hela. Wengine watachangamka wawaeleze mpaka mchoke, mmoja wawili watakunja uso; wote muwasikilize.

Mkahawani kuna skonzi na jamu na malai. Ubishi wa kipi kinapakwa kwanza waachieni wenyewe wa Devon na Cornwall. Wali tutapika sisi, tutakula nje kwenye majani, nimekwisha kuuliza, inaruhusiwa.

Ngazi za Hardwick ni za mawe na ni ndefu, na kumbi nzuri ziko juu kabisa, kwa sababu Bess hakutufikiria sisi wenye magoti mabovu. Wenye shida ya kupanda waniambie leo, niwaandikie mapema. Majina yanaandikwa pale mlangoni kwa Mama Katibu, na hela ya basi ikabidhiwe mkononi kwake. Mwaka jana waliosema "nitatuma" tuliwabeba bure.